Kampavani ya dizeli ya mtumba hapa Malindi: HiAce, Coaster ama Ducato?

BahariMld
Salaam wadau. Natafuta gari la kulala ndani, dizeli, si la biashara, ni mimi na mama watoto na vijana wetu, kwenda Tsavo kwa njia ya Sala na siku zingine mpaka Mokowe tuliache hapo tupande boti ya Lamu. Nimepata tatu. HiAce ya injini ya lita 3.0 iliyofungwa vitanda Mombasa, Coaster ya zamani yenye injini ya 1HZ, na Fiat Ducato ya Muitaliano mmoja iko Mayungu chini ya minazi toka mwenyewe arudi kwao, hio ina mpaka choo na bei ndio ya chini zaidi. Niangalie nini kabla sijatoa pesa?

FunditaaNgala
Ndugu yangu, Ducato anza na karatasi kabla hujafungua hata mlango. Usukani ukiwa kushoto gari la kawaida halisajiliwi Kenya, na kama iliingia kwa kibali cha kupita tu ushuru haujalipwa, na kuagiza mtumba wa zaidi ya miaka 8 pia hakuruhusiwi, sasa logibuku utaandikiwa na nani? Alafu inavuta kwa tairi za mbele, mchanga wa huku utailaza.

HiAce nenda alfajiri, usimwambie saa utakayofika. Injini iko chini ya viti vya mbele, inua kiti uguse, ukikuta moto ujue ishapashwa ili usisikie inavyowaka ikiwa baridi. Iwashe umuache mtu nyuma aangalie ekzosi: moshi mweupe usioisha ni injekta ama maji yanaingia ndani, bluu ni oili inaungua, mweusi mzito ukikanyaga angalia filta ya hewa, tabo (turbo) na injekta. Fungua kifuniko cha oili injini ikizunguka, mvuke kidogo si neno lakini ikipuliza kwa nguvu ringi zimechoka. Na hio injini ya 3.0 D4D ya HiAce uliza vipete vya shaba chini ya injekta vilibadilishwa lini, vikivuja masizi yanaingia kwenye oili yanaziba chujio kule chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, oili haipandi na injini inakufa ghafla.

BiMambrui
Fundi kasema kweli lakini mimi naogopa chumvi kuliko injini. Injini inafunguliwa inarudi, bodi iliyoliwa utachomelea mpaka uchoke. Lala chini na bisibisi, gongagonga chesisi, vishikio vya springi, bomba za breki. Ukikuta rangi nyeusi mpya mpya imepakwa chini yote, kwaruza, hapo mara nyingi kuna kitu kimefichwa. Ndani bonyeza plaiwudi kwa kidole gumba pembeni mwa dirisha la paa na nyuma ya makabati, pakibonyea maji yashaingia zamani, na harufu ya ukungu haifichiki kwa manukato. Ikiwezekana iangalie baada ya mvua.

KasaWaTana
Mimi Coaster. 1HZ haina tabo, pampu yake haitegemei kompyuta, fundi yeyote wa Garsen anaijua. Ni nzito na mlima haikimbii, sawa, lakini inafika. Taiming belti tu uone risiti, kwa injini hii watu wanabadilisha kila kilomita laki moja, na redieta iwe safi, joto la Tsavo halina huruma.

FunditaaNgala
@KasaWaTana injini sikatai, ila hizo Coaster zinaoza kwenye fremu za madirisha na kingo za paa, na yeye ana watoto watalala chini ya hapo. Aangalie raba za vioo moja moja.

Mswafi_Shela
Tairi jamani! Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi, 2316 ni wiki ya 23 mwaka 2016, gari ya kupaki tairi zinapasuka zikiwa na meno yote. Gesi ya kupikia paka povu la sabuni kwenye viungo vyote uone kama inavuja. Betri ya ndani ikipumzika isome kama volti 12.7, injini ikiwaka ipande 14 na kitu. Toa dizeli kidogo utie kwenye chupa uone kama kuna maji. Na logibuku search eCitizen kabla ya arbuni.

BahariMld
Ahsanteni sana. Ducato nimeacha, nimempigia dalali leo hii. HiAce kesho alfajiri naenda na bisibisi na ngazi ya paa, nikikuta chini pameliwa nageukia Coaster. Kuna anayejua pale Mokowe gari linalala wapi salama siku mbili tatu?