Doto anakariri tebo usiku, asubuhi hana hata moja. Ni chakula, au?

MamaKulwa (Mwanza)
Habari za jioni wapendwa. Nina pacha wa miaka 9, Kulwa na Doto. Tumbo moja, sufuria moja, mwalimu mmoja. Kulwa tebo ya saba aliimeza kwa siku mbili. Doto nakaa naye mkekani hadi saa tatu usiku, anaisema yote bila kukwama. Asubuhi akivaa soksi namuuliza saba mara nane, ananitazama kama nimemuuliza njia ya Bukoba.

Wanaondoka na chai ya rangi na andazi, wakirudi ni ugali na dagaa. Doto dagaa anawatoa pembeni, eti wana macho. Wenzake wakicheza chandimu, yeye kakaa kwenye tofali anaangalia. Jirani ananiuzia vidonge vya akili, kopo 35,000. Baba yao anataka tuisheni ya Jumamosi. Nishike lipi?

NesiWaZamu
Dada, hiyo 35,000 ishike kwanza. Mimi tebo haijanishtua, limenishtua tofali. Mtoto wa miaka 9 anayetazama mpira badala ya kuucheza, namvuta kope la chini nione wekundu.

Mpeleke akapimwe damu na choo. Kwa miaka 5 hadi 11, kipimo cha wingi wa damu (gramu kwa desilita) kikiwa chini ya 11.5 ni upungufu. Watu wanadhani damu ni nguvu za mwili tu, kumbe ubongo nao unakula madini ya chuma. Yakipungua, mtoto anashindwa kutulia na somo, na asichokitulia hakikai.

Chai ya rangi inazuia chuma cha kwenye chakula kisiingie mwilini, hivyo iachanishe na mlo kama saa nzima. Maharage na mchicha vikamulie ndimu. Maini mara mojamoja ukiweza. Dagaa watwange uwatie kwenye mchuzi wa nyanya, macho atayaona wapi? Na usidanganywe na wekundu wa juisi ya rozela, rangi si damu.

Mzee_Kigongo
Sisi tulikunywa chai kavu na tebo tulizijua mpaka ya kumi na mbili. Fimbo ilikuwa inakumbusha.

TicheWaMichezo
Shikamoo mzee. Waliozijua ndio wanaosimulia. Waliosinzia nyuma ya darasa hawapo humu.

Mama Kulwa, mimi nafundisha hesabu na michezo, na Jumamosi hiyo ningempa mpira. Kule Embu, Kenya, watafiti waliwapa wanafunzi wa shule 12 githeri, yaani makande: wengine tupu, wengine na nyama, wengine na maziwa, na kundi moja halikupewa kitu. Wa nyama waliwapita wenzao wote kwenye mafumbo ya picha, na kwenye hesabu waliwapita wasiopewa kitu. Lakini mimi napenda kipande ambacho wengi wanakiruka: haohao wa nyama ndio walioonekana wakikimbia zaidi uwanjani na kuongoza michezo. Sahani na uwanja vilikwenda pamoja.

Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, 2010, waliwapima watoto wa miaka 9 na 10. Wenye pumzi nyingi walikuwa na hipokampasi kubwa zaidi, ile sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, na walikumbuka vizuri zaidi vitu vilivyounganishwa pamoja. Saba, nane na jibu lake si ndiyo hivyo? Haithibitishi kwamba mbio ndizo zilizoikuza, ila WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema saa moja ya kuchangamka kila siku, na tuisheni ndiyo inayoila saa hiyo.

Damu kwanza lakini. Usimkimbize mtoto asiye na damu.

MamaKulwa (Mwanza)
Nimerudi. Damu 9.4, na minyoo ya safura ipo. Kapewa dawa ya minyoo na za kuongeza damu, wiki ya tano sasa. Chai nimeihamishia jioni, asubuhi ni uji wa ulezi wenye ndimu. Dagaa wa kutwanga anakula, hajashtuka bado, msimwambie.

Juzi kaja na goti limechubuka, kaka yake kamkwatua. Nikampaka dawa nikimuuliza saba mara nane. "Hamsini na sita, mama, unaniumiza."

Saba mara tisa bado ni vita.