Salamu za sikukuu kwenye grupu la tuliosoma wote zimenifika hapa shingoni

Wakuu heri ya mwaka mpya, na hiyo ndo salamu ya sikukuu ya mwisho mnaipata kwangu kwa maandishi, kuanzia sasa anayeitaka anifuate dukani tupeane mkono.

Mods naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la vichekesho, najua una harufu ya vichekesho ila mimi mwenzenu sicheki, tangu tarehe 25 nina kitu kimekaa kifuani na mke wangu amechoka kunisikiliza kasema kaandikie watu huko.

Iko hivi. Nilimaliza form four 2003, shule moja kule Lushoto, jina nalihifadhi maana shule haina kosa, wenye kosa ni sisi tuliotoka mle. Anayepajua Lushoto anajua ile baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, unaoga maji ya bomba alfajiri kichwa kinauma kama umegongwa na nyundo, ukungu mpaka saa nne, sweta hulivui. Kule tulikuwa na jamaa tunamwita Timekipa kwa sababu ndo alikuwa anagonga kengele, na kengele yenyewe rimu ya lori imening'inizwa kwenye mkaratusi. Miaka minne huyu mtu kaamka kabla yetu sote ili atuamshe, sisi tunamtukana kutoka chini ya blanketi na yeye anacheka tu anaendelea kugonga. Mkae na jina hilo, narudi kwake.

2016 mmoja wetu akafungua grupu la WhatsApp. Aisee wiki ile ya kwanza ilikuwa raha sijapata kuona, watu wanatafutana, nani kaolewa, nani yupo Oman, nani kapata kipara, ile stori ya makande yaliyoungua tukagoma kula ikasimuliwa mara saba na kila anayesimulia anajifanya yeye ndo alianzisha mgomo. Tukafika watu 87. Halafu taratibu kimya, yaani kimya kama darasa siku ya kwanza ya likizo.

Nikaja kugundua grupu letu lina misimu kama mvua. Pasaka salamu zinanyesha za rasharasha, Idd zote mbili zinanyesha, Krismasi na Mwaka Mpya ndo masika yenyewe, mafuriko. Katikati ya hapo ukame mtupu, unaweza ukauliza jambo la maana, wadau mnaomjua fundi wa uhakika wa kuchimba kisima Tanga nani, ukienda kuangalia waliosoma unakuta watu 60 na hakuna aliyejibu hata "sijui mkuu". Ila ikifika tarehe 24 Desemba saa mbili usiku hao hao 60 wamefufuka wote kwa pamoja na mishumaa yao.

Na mngeziona hizo salamu. Ua jekundu linapepesa macho. Mtoto wa kizungu kavaa kofia ya manyoya yupo kwenye theluji, sasa ndugu yangu upo Kibaha jasho linakutiririka theluji umeipatia wapi. Video ya dakika nne ina muziki wa kinanda na kengele, ukifika mwisho inakwambia tuma kwa watu 12 nikiwemo na mimi, zikirudi 5 ujue unapendwa. Krismasi hii kuna mtu kafowadi Idd Mubarak tarehe 25 Desemba na watu 14 wamejibu amina. KUMI NA NNE. Hakuna hata mmoja aliyeisoma, mnaelewa maana yake nini, ni kwamba tunapeana vitu ambavyo mtoaji hajavisoma na mpokeaji hajavisoma.

WhatsApp wenyewe walishachoka na hii tabia, 2019 wakakata, ujumbe mmoja mwisho kuufowadi sehemu 5 kwa mpigo, 2020 wakabana tena, ule uliozunguka sana wenye mishale miwili unautuma sehemu moja moja. Nikasema afadhali tumepona. Thubutu! Watu wangu wanakaa wanatuma moja moja kwa subira kama wanapanda mahindi. Subira hiyo hiyo mtu angeitumia kuandika "vipi bwana, mguu ulipona?" si ingetosha jamani.

Halafu kuna wale wa mabango, hawa ndo kiboko. Mmoja alikuwa kiranja wetu, sasa hivi ana kampuni, anatuma picha yake mwenyewe kavaa suti kakunja mikono, pembeni nembo ya kampuni, chini imeandikwa mimi pamoja na familia yangu tunakutakia. Sisi tumesoma na wewe, tumekuona umelala umekumbatia sufuria ya ukoko, leo unatutumia tangazo. Mwingine mwezi wa 11 alikuwa anagombea uenyekiti wa mtaa, uchaguzi ulikuwa tarehe 27, wiki ile kabla ya kura alitupigia MMOJA MMOJA, mimi wala sikai mtaa wake ila alinipigia akaniuliza mpaka presha ya mama, tukaongea dakika 20. Kwahiyo namba zetu anazo na kuuliza hali anajua vizuri sana. Krismasi imefika na yeye katuma bango.

Sasa nirudi kwa Timekipa.

Timekipa figo zimegoma. Kule Lushoto alikuwa anafanya useremala, vitanda na makabati, mwaka jana mwezi wa 8 kaanza kuvimba miguu, kuja kupimwa ndo hivyo, ikabidi ahamie Dar kwa dada yake maana anatakiwa kuunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na kila ukikaa pale ni masaa manne. Mke na watoto wamebaki kule mlimani. Tukaliweka suala kwenye grupu mwezi wa 9, mimi na wenzangu wawili, tukafungua orodha ya michango. Nyie mnazijua hizo orodha, mtu anakopi anaongeza jina lake anabandika, mwingine anakopi ile ya jana anabandika juu anafuta majina matatu ya watu waliokwisha kutoa, ugomvi unaanzia hapo. Mwisho wa siku walitoa watu 9. Watano wakaweka ahadi, ahadi mpaka leo ni ahadi. Vikatuni vya mikono iliyofumbatwa kama 40 hivi. Wanne wakajitoa kwenye grupu usiku wa manane kama wezi wa kuku.

Hapo sikulalamika. Maisha magumu nayajua, mimi mwenyewe nauza vifaa vya ujenzi na kuna miezi nafungua duka nauza misumari ya elfu mbili nafunga. Hela huna, huna, hakuna wa kukushikia panga.

Kilichonivunja ni tarehe 24 usiku. Mafuriko yameanza, jumbe zimefika mia na kitu, katikati ya maua na mishumaa Timekipa mwenyewe akaandika. Alikuwa kalazwa tangu tarehe 19, kapata maambukizi. Akaandika hivi, nanukuu kama ilivyo: "Asanteni sana ndugu zangu na nyie pia heri ya Krismasi. Mimi nipo wodini. Atakayekuwa anapita karibu aje tu anisalimie sio lazima kuleta kitu."

Basi.

Mnajua nini kilifuata? Dakika haijaisha, video ya kengele. Halafu ua. Halafu bango la suti. Halafu mtu akaandika "Amina mtumishi na kwako pia", ambaye nadhani alikuwa anamjibu mtu wa juu zaidi. Ujumbe wa Timekipa ukapanda juu ukazama, nikawa nauangalia unavyozama kama mtu anaangalia ndoo inadumbukia kisimani. Sisi watu wa lile grupu tunaoishi Dar nawajua, tunazidi 30. Wodi ina saa ya kuona wagonjwa mchana na jioni na haina kiingilio.

Mtu kaomba SALAMU jamani. Usiku wa salamu, kwenye grupu la salamu, watu zaidi ya 80 wana salamu mikononi wanazimwaga, kaikosa yeye.

Kwetu kule kusalimia ni kazi. Asubuhi unakutana na mzee njiani, onga makeo, ndo salamu ya asubuhi ya Kisambaa, unasimama, unashusha mzigo, anakuuliza nyumbani, anakuuliza watoto, anauliza ng'ombe, anauliza ile migomba iliyoangushwa na upepo, na wewe unauliza vile vile, shuleni tulikuwa tunachelewa paredi kwa ajili ya salamu na fimbo tunakula. Na Kiswahili chenyewe ukisema naenda kumsalimia shangazi maana yake unafunga safari, umebeba na sukari. Hata marehemu baba yangu na zile kadi zake za salamu za RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, alinunua kadi, akakaa mezani na kalamu anachagua nani aingie nani akae nje, mama anamkumbusha umemsahau fulani atanuna, anaipeleka posta, halafu anasubiri wiki na wiki sikio kwenye redio. Ikisomwa nyumba nzima inaruka. Tulikuwa tunamcheka kwamba ni mambo ya kizamani. Ila baba alikuwa anajua kamsalimia nani.

Tarehe 25 sikwenda, niseme ukweli, nilikuwa na wageni. Nilikwenda 26 mchana, nimebeba ndizi mbivu na machungwa kama mtu mstaarabu. Nesi akaniangalia akasema baba huyu haruhusiwi hivi, ndizi na machungwa kwa figo zake ni sumu. Nikabaki nimeshika mfuko. Miezi minne jamaa anaumwa nikawa namtajataja kwenye grupu kwa uchungu mkubwa, kumbe hata anachokula sikijui, na ningempigia mara moja tu kumuuliza umeshindaje ningekuwa najua.

Pale kitandani nikamkuta dada mmoja tuliyesoma naye. Huyu kwenye grupu hajawahi kuandika kitu, hata nilisahau kama yumo, wala mshumaa wala ua, mtu wa kimya. Kumbe anakuja kila Jumapili na siku za sikukuu, anajua na dawa zake, anajua mpaka nesi yupi mkali. Nikamuuliza mbona huwa husemi kwenye grupu, akasema lile grupu alilizima sauti tangu 2017.

Nilichomwandikia admini usiku ule nisikirudie hapa mtanifungia akaunti. Akanijibu eti mkuu sikukuu ni za furaha tusiwakwaze wengine.

NYONGEZA, tarehe 3 Januari: Nimesoma majibu yenu. Mnaosema nianzishe grupu jingine hapana, nimetosheka. Mnaosema ana ndugu zake kwanini mnamlilia, sina la kuwaambia. Mnaoulizia hali yake, katoka wodini tarehe 31, yupo kwa dada yake, mashine inaendelea kama kawaida.

Ila kuna mmoja hapo ukurasa wa pili kauliza swali la kiungwana, mleta uzi na wewe mikono yako ni misafi, hujawahi kufowadi? Nilitaka kupita kama sijaona.

Ile tarehe 26 Timekipa alikuwa ananung'unika simu yake haipokei picha. Mke wake kule Lushoto kampiga picha binti yao wa mwisho na gauni la Krismasi, kaituma toka asubuhi ya 25 haifunguki, simu inamwambia imejaa. Ni simu ndogo, nafasi yenyewe kiduchu. Nikaichukua niangalie kimeijaza nini. Salamu. Miaka yote hiyo kila ua kila kengele kila mtoto wa theluji imevipokea yenyewe imevihifadhi, yeye kufuta hajui anaona kila siku inazidi kuwa nzito tu. Basi tukakaa tunafuta, mimi nashika simu yeye anachungulia, tunafuta mpaka kidole kinauma, tunacheka, hii ya kiranja futa, hii ya mgombea futa, na hii futa.

Tukafika Desemba 2022. Picha ya mshumaa, maandishi ya dhahabu, rafiki wa kweli hakusahau. Juu yake mishale miwili na jina langu.

Akanitazama. Akauliza, na hii tufute?

Nikamwambia hiyo ndo tungeanza nayo.