Kikundi cha Ukoo: Mchango wa Igizo la Zuhura

Shangazi Mwana: Asalaam aleykum jamani. Leo nimekuja na bakuli mkononi. Zuhura na wenzake wanatunga igizo jipya la taarab, wahusika wakuu wanawake watupu. Tuwachangie.

Mama Khamis: Waaleykum salaam. Linachezwa lini Ngome Kongwe? Nishone sare mapema 😄

Zuhura: Shikamooni nyote. Mama Khamis, huko bado. Pesa hizi ni za kutunga na mazoezi. Kuna mpiga kanuni (ile ala ya nyuzi), mpiga fidla, nauli za waimbaji wa Bububu na Fuoni, chai ya jioni. Yote hayo kabla hatujauza tiketi hata moja.

Bakari: Yaani tunachangia mazoezi?? 🤔

Zuhura: Ndiyo, kaka. Onyesho halikosi wafadhili, majina yao yanakaa kwenye bango. Mazoezi hayana bango. Ndiyo maana hatuachi kuimba nyimbo za mabibi zetu.

Mjomba Seif (Muscat): Ni la Siti binti Saad, yule mwimbaji wetu wa taarab wa zamani? Kama ni Siti natoa leo leo.

Zuhura: Siti yumo, mjomba, ila si lake. Unaikumbuka ile nyimbo yake ya Kijiti?

Babu Haji: Wee! Kijiti kamuua mgeni wa watu, kavuka bahari. Wakafungwa wanawake waliokwenda kutoa ushahidi.

Zuhura: Hao hao, babu. Siti aliwaimbia. Sisi tunataka waimbe wenyewe.

Mjomba Seif (Muscat): Mauaji na jela! Mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, 1928 akafika Bombay kurekodi santuri, hiyo si hadithi? Wekeni hiyo, natoa 500,000.

Shangazi Mwana: Kaka, ukienda kumtunza mwimbaji ukumbini, huwa unamwambia abadilishe nyimbo?

Mama Khamis: 😂😂😂

Mjomba Seif (Muscat): Ukumbini natunza nyimbo niliyoisikia. Hii sijaisikia!

Shangazi Mwana: Hapo una haki. Zuhura, mpe japo kidogo.

Zuhura: Bado mbichi, msinicheke.
_Kijiti kenda bandari, kavuka usiku ule_
_Mie nilotoa siri, nafungiwa ndani mle_

Mama Khamis: Eee mwanangu 😢

Babu Haji: Hiyo msiitie vishindo. Udi na kanuni tu, ngoma ya dumbaki inyamaze mpaka beti la tatu.

Zuhura: Tulijaribu na dumbaki tangu mwanzo, babu, maneno yakamezwa. Kazi yenyewe ndiyo hiyo: kujaribu, na kutupa kisichofaa. Mpiga kanuni analipwa hata siku tunayotupa.

Mjomba Seif (Muscat): Beti la pili liko wapi?

Shangazi Mwana: Linamsubiri mpiga kanuni, kaka 😏

Mama Khamis: Mie 20,000, natuma sasa hivi.

Bakari: 10,000 mwisho wa mwezi inshallah.

Shangazi Mwana: Mwezi upi, Bakari? Ya harusi ya Asha pia ulisema mwisho wa mwezi.

Mjomba Seif (Muscat): Haya. 200,000 kesho. 300,000 nikishasikia mazoezi, mnirekodie. Na Siti asipite nyuma tu kama mpita njia.

Zuhura: Ana nyimbo mbili nzima, mjomba. Ahsante sana 🙏🏾

Shangazi Mwana: Nimeandika. Hesabu nitaleta hapa hapa kila Ijumaa, iliyoingia na iliyotoka. Anayetuma aniambie jina, kuna 5,000 imeingia toka mchana haina mwenyewe.

Bakari: Yangu hiyo, shangazi.