Dalali analipwa na muuzaji, halafu mnamwachia yeye ndiye awakagulie nyumba! Mtwara hii mpaka lini?

Wakuu, hili jambo linakera. Hela ya korosho ikishaingia watu wanakimbilia nyumba Shangani, Ligula, Mikindani, na anayewaongoza ni dalali wa muuzaji. Huyo si mtu wako!

Angalieni cha juu kinavyofanya kazi. Mwenye nyumba anasema, "Mimi nipe milioni 40." Wewe unatajiwa 48. Hizo 8 ni za dalali. Kila ukiomba upunguziwe unagusa riziki yake, na akikuambia nyumba ina mgogoro amekosa zote. Atakutetea kwa lipi?

Tafuta mtu wako wa kusimama upande wa mnunuzi, umlipe kiasi maalumu. Asilimia ya bei usikubali, maana itamfanya naye apende bei kubwa. Andikishaneni: nusu baada ya upekuzi na ukaguzi, hata kama nyumba umeikataa, nusu hati ikishasoma jina lako.

Kazi ya kwanza ni upekuzi kwa Msajili wa Hati. Majibu yanataja mmiliki, rehani ya benki na zuio kama lipo. Picha ya hati uliyorushiwa WhatsApp haikuonyeshi rehani iliyowekwa mwezi jana! Kisha aje na mpima, walinganishe bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja, na ramani ya upimaji. Ukuta uliovuka mpaka ukivunjwa, hasara ni ya aliyenunua.

Nyumba ya urithi, hasa kule Mikindani, dai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Muhtasari wa kikao cha ukoo unapendekeza jina tu, haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Nyumba ya ndoa inahitaji ridhaa ya mwenza, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, na iwe kwa maandishi. Muhuri wa serikali ya mtaa hauhamishi umiliki, tuache kudanganyana.

Karibu na bahari akague lenta, nguzo na chini ya zege la baraza: nyufa zinazofuata mstari wa nondo, madoa ya kutu, zege linalobanduka. Hapo chumvi imeshakula chuma. Rangi mpya sehemu hizo peke yake, ulizeni kwa nini.

Halafu kodi, hapa ndipo wengi wanapigwa. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ni wako. Dalali anasema "mtamalizana wenyewe", muuzaji anapokea hela yote anazima simu, na bila uthibitisho wa TRA kwamba kodi imelipwa uhamisho haupiti. Unalipa kodi ya mtu mwingine ili upate nyumba uliyokwisha kuinunua! Mtu wako angeandika kwenye mkataba, mbele ya wakili, kwamba sehemu ya bei inabaki mpaka kodi ilipwe.

Wenye kusimama upande wa mnunuzi, Mtwara na Lindi, wekeni hapa mnatoza kiasi gani na mnakagua nini. Madalali wa cha juu msije PM.