Tupeane uzoefu: gari ya zamani inakunywa maji na chini hapana tone

Assalaam alaykum. Nina Morris Minor 1000, injini ya cc 1098. Nikitoka Mjini kwenda Bububu na kurudi, rejeta imeshapungua. Nilipoiegesha pakavu. Oili safi, haina rangi ya maziwa, yaani maji hayajaingia humo. Kila fundi ana lake, na mmoja keshataka kufungua hedi, kile kipande cha juu cha injini. Kabla sijamkubalia, yaliyowafika haya nambieni nyinyi mlikuta wapi.

*Mzee wa Malindi:* Hedi iacheni kwanza! Injini hiyo ina kampira kafupi, kama kidole gumba, kanakotoka wota pampu (pampu ya maji) kwenda kwenye hedi. Hukaoni mpaka uiname na tochi. Kangu kalipasuka upande wa chini, maji yanaangukia kwenye bloku ya moto na kukauka hapo hapo, ndiyo maana chini hukuti kitu. Kilichokafichua ni mchirizi mweupe wa chumvi kwenye chuma. Ukipata kenye mikunjo, unakabana mkononi kanaingia. Kasiko na mikunjo, pampu itoke.

*Series III Wete:* Mie Land Rover yangu ikivuja asubuhi tu, ikishapata moto hamna kitu. Fundi akija adhuhuri, gari imeshatembea, ataona nini? Nikamwita baada ya alfajiri, akajilaza juu ya gunia, tone hilo linaning'inia kwenye klipu ya mpira wa chini wa rejeta. Usiku chuma na mpira vinasinyaa, maji yanapata njia. Vikitanuka kwa moto panaziba. Tumeweka klipu ya skrubu, basi.

*Bi Mkubwa wa Austin:* Mbona mfuniko wa rejeta hamuutaji? Nilivalishwa wa Toyota, umeandikwa 0.9, yaani presha ya kama paundi 13. Austin yangu na Minor yako zinataka paundi 7. Presha ikapanda, rejeta ya kizamani ikafumuka kwenye lehemu. Nikalipa fundi wa rejeta, ikafumuka tena pengine. Aliyenivalisha simtaji, tunapishana sokoni.

*Jambiani:* Huku kwetu maji ya kisima yana chumvi. Vile vizibo vya bati pembeni mwa bloku vinaliwa kutoka ndani. Changu kwa nje rangi nzuri kabisa, kukigusa na bisibisi, ikazama. Sasa natia maji ya mvua na kulanti, ile dawa ya rejeta, nusu kwa nusu. Na asije mtu kushauri kutia manjano ya jikoni! Yanaziba mpaka ufike nyumbani, kweli, lakini yanaziba na mishipa ya rejeta.

*Mzee wa Malindi:* Tizama na kile kitundu chini ya wota pampu. Sili ikichoka maji hutokea hapo, feni inayarusha injini nzima, ukaja kulaumu mpira usio na kosa.

*Mwenye Minor:* Nimeinama na tochi. Kampira kapo, na mchirizi mweupe umo chini yake. Kitundu cha pampu kikavu. Lakini Bi Mkubwa, mfuniko wangu nao umeandikwa 0.9! Nani ana wa 7?

*Bi Mkubwa wa Austin:* Ninao wa akiba. Njoo Mwembetanga baada ya isha, na huyo fundi wa hedi muache kwao.