Mrejesho: spina zilizogoma kuzunguka

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kuhusu spina zangu (chambo bandia chenye ndoana na kijiko, yaani kibati kinachozunguka ukikivuta majini) za kuvulia samaki aina ya kolekole huko Kunduchi: zimeshika kutu, kijiko kinaning'inia tu, hakizunguki.

Mkuu uliyesema nikate waya wa zamani unaoshikilia sehemu za spina na kusuka upya, ahsante sana. Nimetumia waya wa stenilesi, kitanzi nikakikunja kwa koleo yenye ncha nyembamba. Kazi yote iko kwenye ule ushanga mdogo kati ya kishikio cha kijiko na kiwiliwili cha spina. Ukikosekana vinasuguana, kijiko kinakwama. Sasa nikivuta taratibu tu, naisikia fimbo ikitetemeka mkononi.

Ndimu na majivu vimeng'arisha vijiko vya shaba. Vile vya rangi ya fedha, hapana: rangi imebanduka yote, nimetupa. Ndoana zilizoliwa na kutu nimebadilisha. Kuzipiga msasa ni kujisumbua.

Mshipi bado unajisokota. Nimefunga kipete cha kuzunguka (kiungo kidogo kinachojizungusha ili mshipi usijisokote) mbele ya spina kama mlivyoshauri, umepungua ila haujaisha. Kolekole wadogo wameanza kugonga, na nikirudi nyumbani nazisuuza spina zote kwa maji ya bomba.