Mrejesho: injini ya pikapu yangu Chevrolet C10 ya 1972, nimefanya ovahoo (kuifungua na kuikarabati upya)

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa aliyechelewa: niliuliza kama nifanye ovahoo ya injini ya silinda 6 iliyokuja na pikapu yangu, au nitafute nyingine. Ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa buluu.

Asanteni sana, hasa aliyesema nipime kompresheni (presha ndani ya kila silinda) kabla ya kutoa hela. Silinda mbili zilikuwa chini. Nikatia oili kidogo kwenye matundu ya plagi, nikapima tena, presha ikapanda. Oili ilikuwa imeziba mwanya pembeni ya pistoni, kumbe ni ringi (pete za pistoni) zilizochakaa, si valvu! Bloku haina ufa, basi hoja ya kununua nyingine ikafia hapo. Silinda zimechongwa kupanuliwa, tukaweka pistoni zinazozidi saizi ya kawaida kwa inchi 0.030, ringi na beringi mpya.

Moshi kwisha, asubuhi inawaka mara moja. Ila sili ya nyuma ya krankishafti (inayozuia oili kutoka pale shafti kuu ya injini inapotokeza nyuma) inavuja. Kila nikiegesha naacha tone jeusi chini. Mlinionya, nikaharakisha. Sampu (beseni la oili chini ya injini) itashuka tena ili niibadilishe sili. Na wewe uliyesema wiki mbili zinatosha, mkuu, imechukua miezi minne.